Kiroboto Hana Pa Kutokea

6 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi tu cha hapa na pale, na hicho usimwambie Baba, ataniagiza nivae sweta kama mtoto wa chekechea. Natumaini barua hii inakukuta salama, cherehani inazunguka na wateja hawakusumbui kupita kawaida yao. Baba msalimie sana, mwambie Bwana Mdogo wake hajamsahau. Soli fundi viatu, ambaye siku hizi ni mpangaji wetu, naye mwambie viatu alivyonishonea nilipoondoka bado ninavyo, ila kimoja kimeanza kucheka.

Kazi yangu inakwenda. Naendesha magari ambayo wewe hujawahi hata kuyaota, ya tajiri wangu na ya wageni wake, viti vya ngozi, ukiwasha injini unadhani hujawasha. Mikono yangu imesahau grisi.

Sasa nije kwenye jambo. Katika barua yako iliyopita uliandika, mstari mmoja tu, kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja kumwangalia Kiroboto, halafu ukahamia kwenye habari za vitambaa. Dada! Mtu haandiki jambo kama hilo akapita tu. Siku nzima chakula kilinishinda.

Tafadhali usiwape. Najua lile gari limekwisha, na nadhani lilikuwa limekwisha hata tulipokuwa wadogo. Lakini ndilo lililotulea. Wanafunzi wote wa Baba walijifunzia udereva mle, na jina la Kiroboto walilipachika wao, kwa jinsi lilivyokuwa likiruka kila mtu alipoachia klachi kwa pupa. Unakumbuka kutu ya mlango wa dereva? Ilianza kidogo tu, Baba akaipaka rangi iliyobaki ya madirisha. Ikarudi, akapaka tena, mpaka ule mlango ukawa rangi zaidi kuliko chuma. Na mkono wa kuteremshia vioo, mmoja kwa milango yote minne, tukipokezana, mwenye jasho jingi ndiye wa kwanza. Na lile tundu la sakafuni nyuma, miguuni kwako, tukiinama kuangalia lami inavyopita chini yetu. Nikifumba macho nasikia harufu ya viti vile, petroli na jasho la watu wenye hofu.

Huku magari hayana harufu. Kiroboto asiguswe mpaka nirudi.

Mdogo wako.

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba ni mzima wa mwili, meno yake yananizidi mimi. Paa la jikoni linavuja pale pale. Paka amezaa ndani ya buti la Kiroboto, na wanawe wote wamefanana na paka dume wa jirani, lakini hayo hayatuhusu. Soli anasema hicho kiatu kinachocheka ukirudishe, atakinyamazisha.

Kuhusu vyuma chakavu, tulia. Walikuja, wakazunguka uani, wakakuna vichwa, wakaondoka wenyewe. Nadhani sijawahi kukusimulia vizuri, maana ulikuwa umeshaondoka. Baba alipostaafu alijenga vyumba vya kupangisha pale mbele palipokuwa na geti. Gari lilikuwa uani, limekaa juu ya mawe likisubiri tairi. Fundi mwashi alimuuliza, "Mzee, na hili gari?" Baba akamwambia, "Wewe jenga, gari ni langu." Basi akajenga. Siku ya kupaka rangi ndipo kila mtu alipogundua kwamba njia iliyobaki inamtosha mtu mmoja na ndoo yake. Mtaa mzima ulicheka, na Baba akasema alikusudia, ili wezi wakome. Kwa hiyo Kiroboto hana pa kutokea. Kumtoa ni mpaka tubomoe chumba cha Soli.

Sasa nikuambie ambalo sikuwahi kukuandikia. Tangu mwaka jana akili ya Baba imerudi kazini. Kila asubuhi, akishakunywa uji, anavaa koti lake la kufundishia, anakwenda uani na kuketi kwenye kiti chake upande wa abiria, miguuni pake ile breki yake ya pili ya mwalimu. Halafu anaita, "Bwana Mdogo! Unachelewa!" Huyo Bwana Mdogo ni mimi. Mwanzoni nilimsahihisha. Siku hizi naingia tu, nakaa kwenye usukani.

Ungeniona ungenicheka. Tairi hakuna. Injini wamegawana panya na paka. Kwa hiyo injini ni mimi: nanguruma kwa mdomo, naongeza sauti nikibadili gia, napiga honi ya "pii" kwenye kona, na ole wangu nikisahau. Tunaanzia stendi, tunapita sokoni, tunavuka daraja, tunafika mlima wa tangi la maji. Mbele ya pua yangu kuna ukuta wa choo cha wapangaji, lakini Baba anaona mlima. Na pale mlimani, kila siku, nikiwa bado nanguruma vizuri tu, anasema, "Limezima. Rudi stendi, anza upya." Narudi stendi. Tunakwenda hivyo mpaka adhuhuri. Nikikataa, hali chakula, anatoka barabarani kutafuta mwanafunzi.

Mimi, ambaye hakutaka kunifundisha! Alisema mkono wa sindano hauelewani na gia. Miaka yote ile nilikaa nyuma, juu ya tundu lako unalolililia, nikiwasikiliza nyinyi mkifundishwa.

Na haya ndiyo yananiharakisha. Yule mama aliyenifundisha kukata vitambaa amefungua karakana ya sare za shule kwenye mji mwingine. Ananitaka nisimamie meza ya kukata, mafundi wote chini yangu. Amesema ataniwekea nafasi mpaka mwisho wa Agosti, si zaidi. Umri wangu unaujua. Nikiikosa hii nitakufa nikibana suruali za majirani na kunguruma.

Nakuomba mojawapo ya mambo mawili. Uje, hata kwa msimu mmoja, unipokee. Kama huwezi, niambie ulipandaje ule mlima. Unakumbuka desturi ya Baba: mwanafunzi akishapanda mlima, yeye anashuka garini, anamwacha azunguke peke yake, na masomo yameisha. Hakumfundisha tena mtu wa namna hiyo. Siku uliyopanda wewe mimi niliachwa nyumbani na nguo za kufua, kwa hiyo sikuona. Nikipanda, ataniachia.

Dada yako.

2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia, kazi zilinielemea. Kikohozi kimeondoka. Hongera kwa wajukuu wa paka.

Barua yako niliisoma nikacheka mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata habari za harusi. Halafu, sikufichi, nikakuonea wivu. Kukaa na Baba ndani ya Kiroboto kila asubuhi! Kumsikia akisema "kioo, ishara, bega"! Ningetoa kila nilicho nacho nipate hata safari moja ya kutoka stendi mpaka darajani, hata kwa injini ya mdomo wako. Unakumbuka siku mvua ilipotukuta sokoni, kipangusio cha kioo kikakwama, Baba akakufunga wewe kamba mkononi ukawa unakivuta huku na huku kwa dirishani? Ulilowa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa mkavu kabisa.

Kuhusu kuja, mambo ya ruhusa hapa si mepesi. Tajiri ananitegemea mno. Nimeligusia suala hilo na anasema nivumilie kidogo.

Kuhusu mlima, Dada, unajua Baba alituapisha kila mmoja wetu tusiwaambie wengine. Kiapo ni kiapo. Jaribu kuachia klachi taratibu zaidi. Labda unaongeza mafuta mapema. Utaipata tu, kichwa chako ni chepesi.

Nina ombi dogo. Ile raba nyeusi inayozunguka mlango wa nyuma, nikatie kipande unitumie. Hata kidogo.

Mdogo wako.

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Raba yako hiyo hapo ndani, nimeikata kwa mkasi wa kitambaa na umenivunjikia ncha, furahi.

Wivu! Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kufua, maana ningeijibu saa ile ningekuandikia maneno ya kumfedhehesha mama yetu kaburini. Wewe unamkumbuka Kiroboto anayekwenda. Mimi nakaa ndani ya huyu asiyekwenda. Springi ya kiti imetoboa, nimeifunika kwa mabaki ya vitambaa. Kutu inaniachia alama kwenye gauni, kila gauni, mahali pale pale pajani. Ukikaa humu wiki moja, hiyo hamu yako itakutokea puani.

Na unaniambia kuhusu klachi! Klachi ipi? Nimekuambia injini ni mimi mwenyewe. Mafuta naongeza kwa koo.

Wiki iliyopita nilimwacha Baba kidogo nimpelekee mteja gauni lake. Niliporudi nilimkuta katikati ya barabara, na koti lake, ameinua mkono, amesimamisha magari pande zote mbili. Anawaambia madereva wateremke mmoja mmoja, awaonyeshe namna ya kukaa. Wengine wanacheka, wengine wanatukana. Lori moja lilisimama karibu naye mpaka vumbi lake likamkalia kofiani. Soli alitoka na nyundo yake ya viatu mkononi, akamshika kiwiko, akamwambia, "Mwalimu, wanafunzi wamehamia uani." Baba akamfuata.

Soli ndiye anayeniokoa, nisimnyime haki yake. Ulijua naye alikuwa mwanafunzi wa Baba? Mlima ulimshinda, akajaribu tena ukamshinda, mpaka akaona aibu akaacha. Anasema ndipo alipoamua kuwahudumia watu wanaotembea kwa miguu. Mpaka leo akipita uani anagusa boneti la Kiroboto, kama mtu anayempa pole mgonjwa.

Kwa hiyo hata yeye hawezi kunisaidia, na wengine waliopanda wametawanyika, siwajui waliko. Nimebaki na wewe. Kiapo chako nakiheshimu, lakini uliyemwapia ananiita kwa jina lako. Niambie ulifanyaje pale mlimani.

Dada yako.

30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, na mimi nikaongeza kuchelewa juu yake. Poleni kwa mambo ya barabarani. Mshukuru sana Soli.

Raba imefika. Hujui ulichonitumia. Ina harufu ile ile. Naibeba kwenye mfuko wa shati. Nikiwa ghorofa ya nne na hakuna mtu naitoa, nainusa, kisha nashuka. Wenzangu wanadhani ni dawa ya mafua.

Imenirudisha siku ile niliyopanda. Kulikuwa na jua kali. Tulipofika juu, Baba akafungua mlango, akashuka, akasimama kando ya barabara, mikono nyuma. Akainama dirishani akasema, "Zunguka tangi, urudi. Nitasubiri hapa." Basi. Kiti chake kikawa kitupu. Sikuwahi kuwa peke yangu ndani ya Kiroboto, Dada. Lilikuwa jepesi! Niliendesha huku naimba. Nikimtazama kwenye kioo alikuwa anapungua, akapungua, mpaka akawa kama kigingi cha barabarani. Na nilipofika nyuma ya tangi nikawaza kwamba naweza nisirudi. Barabara ilikuwa mbele yangu yote, na gari ninalo mimi. Nilirudi, bila shaka. Alikuwa amesimama pale pale, hajasogea hata kidogo. Kila nikimfikiria Baba namwona amesimama vile.

Kuhusu mlima wenyewe, naona karatasi imeniishia. Nitakueleza barua ijayo.

Mdogo wako.

9 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba mzima, mimi mzima, paka wazima. Salamu zimekwisha.

Karatasi yako ilikuwa tupu nusu nzima kwa nyuma. Nimeikata, nikaandikia vipimo vya suruali ya mwalimu mkuu.

Nimezitoa barua zako zote nikazisoma kwa mfululizo, nikiwa ndani ya gari, Baba akinisubiri tuondoke stendi. Zina magari mengi sana. Barabara haimo hata moja. Miaka yote uliyokaa huko hujawahi kuniandikia umepita wapi, umeona nini njiani, mji gani una vumbi na upi una mvua. Unapanda, unashuka. Ghorofa ya nne. Mtu anaendesha gari ghorofa ya nne kwenda wapi?

Nikaelewa na lile la pili. Hutaki nipande mlima. Nikipanda Baba ataniachia, akiniachia nitaondoka, nikiondoka itabidi wewe urudi. Na wewe kuna kitu kinakuzuia kurudi ambacho hutaki kukitaja. Kwa hiyo unanipiga chenga na kunipa hadithi za vioo na raba, ili mimi niendelee kunguruma hapa na wewe uwe na pa kukumbuka. Kama nimekosea niambie.

Nina hasira na wewe, nakuambia waziwazi, kwa sababu nakupenda na kwa sababu umenikalia. Sikuombi urudi tena. Sikuulizi chochote cha huko kwako. Yule mama wa sare ameniandikia: kuna binti mwingine anayeitaka meza ile, na mwisho wa Agosti haujasogezwa. Niambie tu ulichofanya.

Dada yako.

1 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hukukosea.

Ni jengo la kuegeshea magari. Wenye magari wanatuachia funguo chini, sisi tunayapandisha, jioni tunayateremsha. Kutwa nzima naendesha, na getini sipiti, hairuhusiwi. Hati yangu ya kusafiria tajiri aliichukua siku niliyofika, ameifungia kabatini mwake. Nilikuwa nikiiomba ananiambia nivumilie. Siku hizi siombi. Nisingeweza kuja hata kwa maziko, na hilo ndilo lililokuwa likinifunga mdomo, siyo kiapo. Nilijua ukiondoka Baba atabaki peke yake na mimi nitakuwa nimesimama hapa na funguo za watu. Kiroboto namkumbuka hivi kwa sababu ndilo gari pekee nililowahi kuliendesha likafika mahali.

Sasa sikiliza. Ni mguu wa Baba. Pale mlimani, klachi ikianza kushika, anaikanyaga ile breki yake, taratibu, huku anaangalia nje kama mtu anayetafuta nyumba ya rafiki. Gari linazima. Mwanafunzi anajilaumu, anaomba radhi, Baba anamrudisha stendi. Angekurudisha mwaka mzima. Anachosubiri ni mtu atakayevuta breki ya mkono, amgeukie, amwambie, "Mwalimu, toa mguu." Hakuna kingine. Alisema dereva anayeshindwa kumwambia abiria atoe mguu siku moja atawaua watu.

Mimi ilinichukua muda mrefu kuliko alivyokuambia. Nilimwambia nikiwa nalia.

Nenda ukakate sare, Dada. Sijui Baba atabaki na nani. Laiti ningejua.

Mdogo wako.

28 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na safari hii naiandika kwa moyo mweupe. Baba mzima. Paka wamehamia jikoni, paa linavuja juu yao na hawaondoki.

Barua yako nilikaa nayo muda kabla sijathubutu. Utashangaa: kujua siri hakukunisaidia kama nilivyodhani. Asubuhi ya kwanza tulifika mlimani, nikachungulia, na kweli mguu wake ulikuwa kwenye breki, kiatu alichokishona Soli, kinashuka polepole. Sikuweza. Mimi na umri huu, mtu ninayemkatia kucha na kumfunga vifungo, nilishindwa kumwambia neno. Akasema limezima. Nikarudi stendi. Ikawa hivyo asubuhi nyingine, na nyingine. Nilikuwa nikijilaumu kwamba sikufundishwa, kumbe nilikuwa nimefundishwa vizuri mno, miaka yote ile kwenye kiti cha nyuma, kunyamaza.

Juzi nilivuta breki ya mkono. Imeliwa na kutu, ililia uani kote, Soli akachungulia dirishani kwake. Nikamgeukia nikasema, "Mwalimu, toa mguu."

Akauangalia mguu wake kama kitu alichokiokota. Halafu akacheka, mdogo wangu, kile kicheko chake cha zamani cha kikohozi, mpaka koti likatikisika. Akautoa. Nikanguruma mpaka juu, sijawahi kunguruma vile, mpaka koo likawasha.

Akafungua mlango akashuka. Alikwenda taratibu akasimama kando ya ukuta wa choo, mikono nyuma, kama ulivyoandika. Kisha akarudi, akainama dirishani. Nilingoja aniite Bwana Mdogo. Hakuniita hivyo. Alisema, "Zunguka, mama, urudi. Nitasubiri hapa." Mama. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita kabla hujazaliwa.

Nilibaki peke yangu ndani ya Kiroboto. Ukuta mbele, vyumba nyuma, na kweli ulisema, lilikuwa jepesi. Nililia kwa kwikwi nikiwa nimeshika usukani na mikono yote miwili, kioo, ishara, bega, kila kitu kama inavyotakiwa.

Lakini kumbuka alivyosema: atasubiri. Nilishuka, nikamwendea, nikamwambia, "Baba, nimerudi, twende tukanywe chai." Hakuniangalia. Akasema, "Dada, usinizibie barabara, namsubiri mwanafunzi wangu." Akasimama hapo jua likimpiga kichwani, chai ikapoa, na mimi nikaona safari yangu yote inaniponyoka. Nitamwachaje mtu amesimama ukutani?

Ni Soli aliyemaliza. Alitoka chumbani kwake, akanawa mikono ya gundi, akaingia garini, akakaa kwenye usukani, magoti kidevuni. Akaita, "Mwalimu! Nimerudi." Baba akaja mbio, akaketi kwenye kiti chake, akamtazama usoni. "Wewe!" akasema. "Mlima bado unakushinda?" Soli akajibu, "Bado, Mwalimu. Nimekuja tujaribu tena." Wakaondoka stendi. Soli ananguruma vibaya sana, kama mtu mwenye mafua, lakini Baba hakulalamika.

Tumekubaliana. Asubuhi ataendesha, alasiri atashona viatu. Anasema viatu vya watu vimezoea kusubiri. Uji atampikia yeye, nguo nitakuja kuzifua kila mwisho wa mwezi. Kesho naondoka, na meza ya kukata bado ni yangu.

Na wewe huko. Mimi siwezi kukufungulia kabati la tajiri wako. Lakini maneno unayo, ulipewa kabla yangu. Nenda ukamwambie, na ukishindwa mara ya kwanza rudi stendi, uanze upya.

Leo, nikiwa nafunga cherehani kwa kamba, Soli alinifuata jikoni. Alikuwa na furaha, jasho linamtoka, ana alama ya kutu pajani kama yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, Baba asisikie, "Dada Mkubwa, hebu niambie. Pale mlimani ulifanyaje?"

Nilimtazama. Nikamwambia nina haraka ya safari, nitamwandikia barua.

Dada yako.